Pazia la Osaka

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Shule zilifungwa Ijumaa. Leo Lydiah amefungua begi la Kiende kutafuta fulana ya michezo, akakuta insha. Mwalimu wao huko shule ya Kaaga aliwaambia waandike kuhusu mahali walipotembea na familia. Leylo, binti wa Mohamud mwenye studio ya picha ng'ambo ya barabara, ameandika kuhusu Mombasa. Kurasa mbili. Kiende wangu ameandika kuhusu posta. Ati tulipanga foleni, baba akanunua stempu, akamruhusu kuilamba. Alama tisa kwa arobaini. Mwalimu ameongeza kwa wino mwekundu kwamba posta si matembezi.

Nikamwambia mke wangu insha haina ubaya, posta imeelezwa vizuri. Alikunja ile karatasi akaitia ndani ya Biblia yake. Lydiah akitia karatasi ndani ya Biblia, jua mambo yameharibika. Barua ya kumpa kazi ya chekechea ya kanisa kwao Manyatta, Embu, imo humo tangu Aprili.

Baada ya chai alisema, bila kupandisha sauti. Ati mimi miaka mitatu nimewaahidi watoto matembezi. Miaka mitatu kumetokea jambo. Likizo hii ikiisha kabla mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, sijawapeleka watoto mahali popote, basi muhula ujao watasomea Manyatta. Yeye atafundisha Manyatta. Mimi nitabaki na studio yangu. Ahadi ni deni, akasema. Nikamjibu kwamba nitalipa Jumamosi hii hii!

Kiende alikuwa kando akinitazama. Ana miaka kumi na mmoja na jina la mama yangu, na hunitazama kama yeye. Siwezi kumkemea. Nani humkemea mama yake?

Mambo mengine ya leo: Mohamud ametundika pazia jipya la kupigia picha. Limechorwa ndege yenye ngazi. Foleni imefika nje.

Jumanne, 3 Agosti

Wateja wawili. Mmoja picha ya kitambulisho. Wa pili aliuliza njia ya kwenda kwa Mohamud.

Huko ng'ambo watu wanasafiri. Wanapanda ngazi ya mbao mbele ya pazia, wanapunga mkono, wanashuka, wanarudi sokoni kununua vitunguu. Adhuhuri Mohamud ameniletea birika la chai ya maziwa yenye iliki, kama kawaida yake. Nikainywa yote. Chai nzuri sana, na hilo linaniudhi zaidi.

Nilipokuwa nikitafuta betri za flashi nikakuta kijitabu alichoniachia Mwalimu Haruko, yule Mjapani wa kujitolea aliyefundisha hesabu hapa miaka miwili. Nilimpiga picha za kuaga, naye akanipa kijitabu cha mji wao. Ni cha Kiingereza, kinaeleza mahali pa kupeleka familia Osaka. Nimekisoma chote nikiwa nimesimama. Nyumba ya samaki yenye papa mrefu kama basi! Ngome yenye samaki wa dhahabu juu ya paa! Bustani ya wanyama katikati ya mji, mtu anashuka kwenye treni na kumwona kiboko. Gurudumu la kupandisha watu juu mpaka waione bahari. Na juu ya hayo, ushauri kwa wazazi. Pa kubadilishia mtoto nepi. Saa ya kuwalisha pengwini. Tenga saa tatu, usiwakimbize watoto. Wazazi wa Osaka hawana kazi?

Ndipo wazo likaja. Ndege ya Mohamud inapeleka watu wapi? Hakuna ajuaye. Mimi nitawafikisha! Pazia la Osaka. Baba, mama, watoto na papa nyuma yao. Mtu wa kijijini Nchiru atapiga hiyo picha, ataituma kwa shemeji yake, na shemeji atakosa raha mwezi mzima. Biashara ikishika, nitawapeleka watoto wangu mahali pa maana.

Lydiah amependekeza makumbusho ya hapa mjini. Kuna nyoka, kuna vyombo vya kale vya Wameru. Nikakataa. Ni dakika kumi kwa miguu. Huwezi kusema umesafiri hadi mahali unapopaona ukienda kununua sukari. Akasema watoto hawajaomba safari, wameomba matembezi. Sikuona tofauti.

Alhamisi, 5 Agosti

Misheck mchoraji amemaliza. Nasema amemaliza kwa sababu rangi imeisha.

Misheck ni mtu mwema, ila maisha yake yote amechora bucha. Kutoka hapa hadi Runyenjes, ukiona ng'ombe anacheka ukutani, huyo ni wake. Nilimpa kijitabu. Akakigeuza huku na huku, akauliza: "Sasa Baba Kiende, hii samaki mafuta yake iko upande gani?" Nikamwambia achore tu. Papa amekuwa na nundu. Ana macho ya upole. Nikikaribia, naona na kwato. Ngome imefanana na kiwanda cha kahawa. Gurudumu alilichora vizuri lakini akasahau kutia watu ndani, likawa la baiskeli.

Pengwini ndio waliomshinda kabisa. Akasema hao anawajua, ni masista. Nikasema ni ndege. Akauliza ni ndege gani husimama wima hivyo na vazi jeusi na kifua cheupe. Tulibishana hadi saa sita. Wamebaki masista, sita, wamepanga mstari juu ya barafu.

Nimelitundika hivyo hivyo. Penye nia pana njia.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ya matembezi. Pia siku ya kuzindua pazia. Nimewaeleza watoto kwamba matembezi ni Jumamosi ijayo. Mdogo wake, Wawira, wa miaka saba, akaniuliza kama hiyo Jumamosi ijayo huja kweli. Nikamhakikishia kwamba kila wiki inayo moja.

Mteja wa kwanza ni Mama Celina, kiongozi wa akina mama kanisani, pamoja na mumewe na watoto wanne. Shangwe! Kisha tatizo. Hapa kwetu picha bila miguu si picha. Mtu amenunua viatu vipya, halafu wewe unamkata magotini? Lakini pazia langu ni fupi, na chini yake inaonekana sakafu yenye ufa. Nikatandika karatasi ya nailoni ya samawati. Nikawaambia hiyo ndiyo bahari ya Osaka, wasimame.

Mama Celina alifika ukingoni akasita. Kisha akavua viatu. Watoto wakavua. Mzee akakunja suruali hadi magotini, akaingia polepole. Nikapiga nne, moja wakiwa wameshikana mikono ili asianguke mtu. Akaniuliza masista wale ni wa shirika gani. Nikamjibu ni wa hukohuko.

Familia saba zimekuja baada yao. Zote zimevua viatu! Mohamud amesimama mlangoni kwake akitazama. Nimelala vizuri mchana.

Jumatatu, 9 Agosti

Lydiah ameenda Embu kwa siku moja, kuona hicho chumba cha chekechea. Hakunificha. Aliniambia waziwazi kwamba anaenda kukiona tu.

Nikafikiri haraka. Shida ilianza wapi? Kwenye insha. Insha inataka nini? Mahali. Mimi ninapo mahali! Nikawavisha wasichana nguo za Krismasi, nikawasimamisha mbele ya pazia. Picha mbele ya papa. Picha mbele ya ngome. Picha na masista. Halafu nikaketi na Kiende kumfundisha kutoka kwenye kijitabu, ili muhula ukifunguliwa aandike mpaka mwalimu akose wino. Saa ya kulisha pengwini ni ngapi? Gurudumu linazunguka kwa dakika ngapi? Akajibu yote sawasawa. Kisha akaniuliza, katika insha, baba alikuwa akifanya nini wakati sisi tunatazama samaki. Nikasema alikuwa anapiga picha. Akasema hiyo angeiandika bila kwenda Osaka.

Mama yangu kabisa huyo.

Wawira hakufuata somo. Aliketi sakafuni juu ya nailoni, mbele ya papa, akiwa amekunja miguu. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja aogelee. Nilijisikia vibaya sana. Nilijisikia vibaya mpaka mteja akaingia.

Jioni Lydiah amerudi. Wawira akamkimbilia kumwambia tumeenda Japani. Mke wangu alisimama mbele ya pazia, mkoba ukiwa bado begani. Akaniambia makumbusho, Jumamosi, saa nane mchana. Nikasema bila shaka.

Jumatano, 11 Agosti

Picha zimerudi kutoka Nairobi zilikosafishwa. Mama Celina amefika saa tatu, amewaka moto. Ati shemeji zake walio mjini wataona nini? Familia nzima imeenda Japani bila viatu! Mzee amekunja suruali kama mtu anayekimbia mafuriko! Nikamkumbusha kwamba walivua wenyewe. Akajibu kwamba mtu mwenye akili haingii majini na viatu vya ngozi, na mwenye studio alipaswa kusema.

Kufikia adhuhuri zile familia nyingine saba zimefika pia. Wote wanataka kurudia, na mara hii wavae viatu. Nimeandika ilani nikaibandika ukutani: BAHARI HII NI KAVU. INGIA NA VIATU.

Mohamud alipoleta chai aliisoma mara mbili. Hakucheka. Namshuku mtu asiyecheka.

Jumamosi, 14 Agosti

Nieleze jambo hili taratibu, maana nimelieleza mara tatu leo na hakuna aliyenielewa.

Nilikuwa tayari. Saa saba na nusu nilikuwa nimefunga dirisha. Wasichana walikuwa kwenye benchi la wateja na zile nguo za Krismasi, nywele zimesukwa, Kiende ameshika daftari. Lydiah alikuwa mlangoni. Ndipo ikaja familia ya watu kumi na mmoja kutoka Nchiru, wamesikia habari za papa. Kumi na mmoja! Nikawaambia watoto dakika tano tu.

Watu kumi na mmoja hawatoshi kwenye pazia. Ukiweka cucu, nyanya yao, mbele, mtoto anafichwa. Ukimweka mtoto mbele, masista wanafichwa, na wao walitaka masista. Halafu miguu! Jozi kumi na moja za viatu, kila jozi lazima ionekane. Cucu alikataa kukanyaga bahari akiwa na viatu hata baada ya kusomewa ilani. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi na moja. Makumbusho yalikuwa yanafungwa. Wawira alikuwa amelala juu ya mapaja ya dada yake.

Lydiah hakuwa mlangoni tena. Alikuwa ndani, nyuma ya studio tunapoishi, anafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mohamud alikuwa akifunga duka lake, akawaona wasichana wamevaa hivyo. Akawauliza wanatoka wapi. Kiende akajibu hatutoki popote. Mohamud akaja kwangu. Akasema Alhamisi yeye na mkewe, Faadumo, wanapeleka watoto wao mbugani, hapo chini ya mji wa Maua, kwa lori dogo la ndugu yake. Nafasi ipo ya watu wanne. Akakazia hiyo nne. "Baba Kiende, funga duka siku moja, haitakufa." Na yeye atafunga lake.

Lydiah alikuwa amesikia. Akatoka na povu mikononi. Akasema hiyo atakubali kuihesabu, mradi niwe ndani ya hilo lori. Hii ndiyo ya mwisho. Nikasema nitakuwa wa kwanza kupanda! Na nilikuwa namaanisha. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilikuwa namaanisha.

Alhamisi, 19 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kando ya lori. Baridi, manyunyu ya Agosti. Faadumo amepika sufuria kubwa ya pilau na kuifunga kwa blanketi. Lydiah amebeba viazi na chai. Amevaa kile kitambaa cha kichwa cha kijani nilichomnunulia tulipooana. Wasichana walikuwa wameshapanda na Leylo, wanaimba. Wawira aliniwekea nafasi kwa kulaza sweta lake kwenye benchi.

Mguu wangu mmoja ulikuwa juu ya lori. Lydiah aliuona. Ndipo nikatazama ng'ambo ya barabara. Mlango wa Mohamud, umefungwa, kufuli mbili. Siku nzima! Siku ya soko! Wateja wake wote, hawana pa kwenda ila kwangu!

Nikashusha mguu. Nikamwambia Lydiah watangulie, mimi nitawafuata. Akaniuliza nitawafuata na nini. Sikuwa nimefika hapo katika mawazo. Nikasema nitaona. Mohamud alinitazama kwenye kioo cha lori, akangoja. Alingoja sana, namshukuru kwa hilo. Kisha Lydiah akamwambia twende. Akalichukua lile sweta, akalikunja, akaliweka magotini.

Nilifungua studio saa moja. Manyunyu yakawa mvua. Saa nne, hakuna mtu. Saa sita, mtu mmoja alikimbilia barazani kujikinga, akauliza Mohamud atarudi lini. Saa nane alikuja Misheck kuwaongezea masista rozari, ati walionekana hawajakamilika. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Tuliketi wawili, tukatazama Osaka. Hakuna aliyeleta chai.

Ijumaa, 20 Agosti

Walirudi jana magharibi, wakiimba bado. Wamewaona twiga sita. Wamewaona ndovu kwa mbali, na Faadumo alipiga kelele mpaka ndovu wakaondoka. Wawira amesema twiga ana kope kama za bibi harusi. Amelisema mara nyingi. Hakuniuliza mbona sikufika.

Leo asubuhi Kiende amekaa mezani akaandika insha bila kutumwa na mtu. Kurasa tatu. Nimeisoma alipokwenda kuteka maji. Haina kosa hata moja. Yumo Mohamud akibadilisha gurudumu, yumo Faadumo, yumo mama akicheka mpaka akamwaga chai. Mimi niko kwenye mstari mmoja. Ameandika: Baba yetu alibaki nyumbani kulinda samaki.

Imeniuma, siwezi kusema uongo.

Lydiah aliingia studio baada ya chakula. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Hakuyangoja. Alisema ameandikia Manyatta kwamba kazi ameikubali. Wataondoka Jumapili baada ya kanisa. Hana hasira, amechoka tu. Njia ya Manyatta naijua. Jumamosi sikatazwi, niende niwatembeze watoto hadi mtoni na kurudi, hata mara moja, nione kama naweza. Kisha akaniomba kitu kimoja. Shule mpya inataka picha ndogo za pasipoti, mbili kwa kila mtoto.

Nikazipiga mwenyewe. Niliondoa pazia, picha za namna hiyo zinataka ukuta mweupe. Kiende alikaza uso kama inavyotakiwa. Wawira alicheka, ikabidi nirudie. Nilirudia mara nne. Sikuwa na haraka.

Jumatatu, 23 Agosti

Nyumba imenyamaza. Nimechemsha chai, nimeitia chumvi. Jana basi liliondoka saa nane na nusu. Wawira alipunga mkono mpaka wakapinda kona. Lydiah alisema, Jumamosi. Nikasema, Jumamosi. Mohamud alisaidia kubeba masanduku na leo hajafungua redio yake, nadhani kwa heshima yangu. Ana tabia nzuri kupita kiasi.

Mchana ameniletea bahasha. Picha za mbugani. Amepiga vizuri, sina budi kukiri, ingawa jua liko nyuma. Moja nimeitazama mpaka macho yakauma. Lydiah yuko katikati, anacheka, meno yote nje. Sijaona meno hayo tangu Wawira azaliwe. Wasichana wako kulia, twiga nyuma. Kushoto kwake pako wazi. Ni kama mtu alikuwa amesimama pale akaondoka kidogo.

Nimelia. Nimenawa uso. Kisha nimepima ile nafasi kwa rula.

Mtu anaingia! Ninayo picha yangu ya mwaka tisini na nne, nimevaa suti, nimeinua mkono wa kulia. Ukikata vizuri kwa mkasi mdogo, ukabandika, ukaipiga picha upya, ule mkono unaangukia moja kwa moja begani mwa Lydiah! Nimejaribu. Nimetoka mkubwa kidogo kuliko twiga, lakini hilo linarekebishika. Lydiah ataiona ataelewa kwamba moyo wangu ulikuwepo. Watoto watasahau, baada ya miaka watasema baba alikuwepo, si huyu hapa?

Na si mimi peke yangu! Ni familia ngapi katika mji huu zina picha zenye nafasi hiyo? Baba yuko Nairobi. Baba yuko kazini. Baba alisema anakuja. Walete picha tu, mimi nitamweka! Mohamud hana kitu kama hiki. Nimemwita Misheck aje kuandika kibao, kwa herufi kubwa, BABA HAKUWEPO? TUNAMTIA PICHANI. Amesema kitakauka Ijumaa, kwa hiyo tunazindua Jumamosi asubuhi, siku yenye watu.

Nitawatumia hiyo picha kwa basi la Embu.